Jozi Saba Kwenye Ubao

Duara letu, yaani shimo tulilokuwa tukilitegemea kwa dhahabu, lilikuwa na miiko mingi, na mimi mpishi niliijua kuliko wachimbaji wenyewe. Usipige mluzi pale mdomoni. Usiite jina la mtu aliyeko chini. Na mkubwa kuliko yote: usihesabu watu wanaoshuka. Walisema ukimhesabu mtu umemtenga na wenzake, na ardhi itajua ni yupi wa kuchukua. Mengi ya machimboni niliyacheka, lakini huo mwiko sikuucheka. Kwetu Tinde baba hakuwahi kuhesabu ng'ombe wake kwa kidole. Alisimama tu mlangoni mwa zizi wakiingia, akajua nani hayupo.

Badala ya kuhesabu, tulikuwa na viatu. Wachimbaji wetu walishuka peku, kwa sababu walikanyaga matimba, yale magogo yaliyobanwa kwenye kuta za shimo, na mguu mtupu hushika gogo vizuri zaidi. Viatu vilibaki juu, kwenye ubao chini ya turubai. Ukitaka kujua nani yuko kazini, uliangalia ubao. Hata mimi nilipika ugali kwa kuuangalia.

Mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Mimi ndiye niliyemleta. Baada ya mahindi kukauka shambani miaka miwili mfululizo, nilikwenda Tinde nikamwambia mama kwamba upande wa Geita kuna kazi na nitamwangalia mwenyewe. Akaja na kibegi na makatambuga yake, viatu vya tairi alivyoshonewa pale sokoni kwa uzi mweupe. Kambi nzima iliyajua makatambuga yale. Walimtania kwamba ukiyapima uzito yanashinda kiroba cha mawe.

Mvua zilipokaribia, alikuja afisa mmoja wa serikali kwa pikipiki. Aliketi kwenye benchi langu, akala wali maharage, akazungumza kwa upole. Nunueni daftari, alisema. Kila anayeshuka aandikwe, akipanda afutwe. Mvua kubwa ikinyesha, asishuke mtu mpaka kuta zikaguliwe. Wekeni filimbi na kamba za akiba. Mwenye duara aliitikia, "Sawa mkuu, sawa mkuu," na pikipiki ilipoondoka wote wakaangua kicheko. Nilicheka nao. Nilisema jamaa kaja kutuitia mahudhurio kama watoto wa darasa la kwanza, na utani huo uliwakaa midomoni wiki nzima. Najichukia kila nikiukumbuka.

Mdogo wangu hakucheka. Alipokuwa akinisaidia kuosha masufuria aliniuliza, "Dada, lakini yule mzee hajasema uongo. Nikifukiwa mimi, utajuaje kama nipo chini?"

"Nitaona makatambuga yako," nikamjibu.

Siku ya mkasa ukanda wa ndala yangu ulikatika asubuhi, nikiwa natoka kwenda Geita mjini kununua unga na dagaa. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, kambi nzima tope tupu. Nilimkuta mdogo wangu amelala, maana zamu yake ilikuwa mchana. Makatambuga yalikuwa mlangoni. Nikayavaa, nikamwamsha nikamwambia nimeyachukua. Akasema, bado amefumba macho, "Chukua dada, mimi nashuka tu, viatu vya nini?" Nikapanda boda nikaondoka.

Mvua ilinikuta mjini, ikanyesha mpaka jioni. Mto ulijaa, barabara ikakatika, na simu haikushika kambini. Nililala kwa mwanamke anayeniuzia unga, na sikuwa na wasiwasi wowote. Kesho yake karibu na saa sita nikapata boda aliyekubali kuvuka, nikafika kambini nimeloa, mfuko wa dagaa begani.

Kulikuwa kimya. Mashine zimezimwa, katapila la kuazima linapakiwa kwenye lori. Watu wakanizunguka wakinipa pole. Ukuta mmoja ulikuwa umeporomoka jana yake saa tisa. Walikimbilia ubao, wakakuta jozi saba, na kwa mara ya kwanza kwenye duara lile mtu akahesabu. Wakachimba usiku kucha. Wakatoa watu saba: wanne hai, waliopelekwa hospitali hawajitambui, watatu marehemu. Asubuhi shehe na mchungaji waliomba pamoja, na kazi ikafungwa.

"Na mdogo wangu?" nikauliza.

Mwenye duara alinishangaa. "Si mlikwenda wote mjini, Mama Lishe? Makatambuga yake hayakuwepo. Tukajua kaenda kukubebea unga."

Kisha akatazama chini, akaona miguu yangu.

Sijui nilipiga kelele gani. Ninakumbuka watu wakikimbia kulirudisha katapila, na mimi nikichimba tope kwa mikono mpaka wakanishika. Kule chini shimo liligawanyika matundu mawili ya pembeni, na wale saba walikuwa kwenye tundu la kulia. Yeye inaonekana alishuka mwishoni bila kuonwa na waliokuwa juu, akaenda peke yake tundu la kushoto. Walimfikia siku iliyofuata asubuhi. Hakuwa amepondwa. Alikuwa amekaa, ameegemea mwamba, nyundo mapajani, na ukutani palikuwa na alama za kugonga, nyingi, mahali pamoja. Mzee mmoja aliyewaosha marehemu wengi aliniambia kwamba huyu hakufa siku ile ya kwanza. Nilimwomba aniambie ukweli, na akaniambia.

Tulimzika Tinde. Mama alipokea nguo zake, godoro na simu. Akauliza, "Na makatambuga yake?" Nikasema yamefukiwa. Nilidanganya mbele ya kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado mbichi.

Nilirudi machimboni kwa ukaidi tu. Nikatafuta ubao mpya, nikapigilia misumari, nikampa kila mchimbaji kizibo cha soda chenye alama yake. Unashuka, unatundika. Unapanda, unatoa. Wakakataa. Huko ni kuhesabu watu, walisema, na mwanamke ndiye kabisa hafai kuhesabu. Nikawaambia sawa, hakuna kizibo, hakuna ugali. Siku mbili jiko langu lilikuwa baridi. Wengine walinitukana, mmoja akasema kwa sauti kwamba mchawi ni mimi niliyevaa viatu vya marehemu. Siku ya tatu, njaa ikiwauma, mwenye duara akatundika kizibo cha kwanza. Baadaye tukapata filimbi na kamba za akiba, na mvua ikinyesha hashuki mtu. Tangu hapo ukuta umeshaporomoka tena, na shimo lilikuwa tupu. Walinipongeza. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia kwa hasira, kwa sababu vizibo vile ni takataka, tulikuwa tunavikanyaga kila siku.

Sasa naishi Ngokolo, mjini Shinyanga, na mama nimemchukua. Miguu yake imevimba, hatembei mbali. Mwezi uliopita alikuwa akifagia chumbani, akaingiza ufagio uvunguni mwa kitanda changu. Nilimkuta ameketi sakafuni, makatambuga mapajani, akipitisha kidole kwenye uzi mweupe. Tope la siku ile lilikuwa bado limegandia kwenye soli.

Nikapiga magoti nikamwambia yote. Utani wangu, ndala iliyokatika, jozi saba, katapila lililokuwa likipakiwa, alama za nyundo. Sikuficha kitu. Nilingoja anipige, au anifukuze, na ningeona ni haki.

Mama akakishika kiatu kimoja, akakiweka kando ya mguu wangu.

"Yalikutosha?" akauliza.

"Hapana, mayu. Yalinipwaya."

"Kumbe mguu wake ulishakuwa wa mtu mzima. Mimi nilidhani nimemwaga mtoto," akasema, na akaendelea kukishika.