Pleti za Breki Kutoka Mwanza

Niliondoka kwa sababu mume wangu, Masalu, alisema Jumatatu atalima, breki ziwepo zisiwepo. Mvua ya kwanza ilishanyesha, na wiki iliyotangulia trekta letu lilikataa kusimama kwenye mteremko wa mtoni. Likaishia kwenye matope, yeye akicheka. Mimi sikucheka. Breki zake hufanya kazi ndani ya oili, tumboni kabisa mwa trekta, na pleti zake, zile sahani za chuma zinazosuguana kulisimamisha, zilikuwa zimekwisha. Nikafunga moja kuukuu kwenye kanga iwe sampuli, nikasema nakwenda mwenyewe, maana yeye angerudi na hadithi.

Ijumaa alfajiri, kwetu Kisesa. Lori la pamba lilinichukua, nikalala chali juu ya mzigo. Ukungu ulikuwa umefunika barabara, miti ikipita nusunusu, nikawa sijui kama nimelala au niko macho. Nilimwona Masalu akiteremka, akiteremka, bila kufika chini. Nilipozinduka, mawe ya Mwanza yalikuwa yamebebana juu yangu, na ziwa nyuma yake limetulia tuli.

Saa tatu, mjini. Spea tulizozoea kuzisubiri kwa kibali na foleni sasa zilijaa madukani hadi barazani, tangu serikali iruhusu biashara huria. Muuzaji mmoja mtu mzima, Mzee Salum, aliitikia shikamoo yangu, akaipima pleti yangu, akaniletea mpya. Niliipapasa.

"Hii nene," nikamwambia. "Nataka iliyo sawasawa na yangu."

"Mama, yako imelika."

"Mzee, mimi si wa kuja jana. Sawasawa na yangu."

Akairudisha rafuni taratibu. Nikatoka na hasira zangu hadi kwa muuza spea za mtumba, akanipa nne zilizolingana na yangu kabisa. Nilijiona mjanja kuliko mji mzima.

Mchana, ufukweni. Nilikaa juu ya jiwe, miguu majini, usingizi ukinijia na kuondoka. Kidole changu kilikuwa kikizunguka juu ya pleti, kikitafuta kitu. Ile ya mzee ilikuwa na vijifereji vya kupitishia oili. Hizi zilikuwa laini, kama yangu. Polepole ikaniingia: nilikuja na pleti iliyochakaa, nikadai pacha wake, nikapewa. Niliona aibu. Kisha nikaogopa sana.

Nilizirudisha. Muuza mtumba alikataa kuzipokea, basi nikaketi mlangoni pake nikimsimulia kila mteja anayeingia jinsi nilivyouziwa pleti zilizokwisha. Hakuchukua muda akazipokea, akanirudishia pesa.

"Umerudi," alisema Mzee Salum.

"Nimerudi, mzee wangu. Unisamehe mdomo."

"Nani anaendesha hilo trekta?"

"Mume wangu."

Akazifunga pleti nne mpya kwenye karatasi, akaongeza sili mpya za kuzuia oili isivuje, bila kuombwa. "Zilowekwe kwenye oili kwanza, ndipo zifungwe. Zikifungwa kavu zitaungua."

Jumamosi nilifika nyumbani, tukaziloweka. Jumatatu asubuhi Masalu alizifunga, akapanda na trekta hadi juu ya mteremko. Huko Mwanza nilijifunza kwamba kidole changu kina akili kuliko mdomo wangu, lakini hilo sikumwambia. Nilisimama kando ya njia nikiona trekta linakuja, mlio unakua, na nikashindwa hata kusali.

Katikati ya mteremko likasimama. Masalu alibaki kitini, mikono bado kwenye usukani. Halafu akavua kofia.

"Shikamoo, mke wangu."

"Marahaba," nikaitikia, nikakaa chini pale pale kwenye majani, nikalia.