Ganzi ya Kidole cha Nyanya

Mwiba wa mbuta ulimchoma nyanya yangu kidole cha kati akisafisha samaki pale ufuoni Dunga. Alikikanda kwa maji ya chumvi mpaka kikavimba na kuwa cheusi. Ndipo akakubali hospitali, kwa sharti moja: asilazwe usingizi. Jirani yake alilazwa hivyo akaamka hana mguu.

Daktari, kijana asiyejua Kiluo, alikubali. Angechoma sindano ya ganzi pande mbili za shina la kidole, na kidole hicho tu ndicho kingekufa ganzi. Mimi niliruhusiwa kuingia ili nitafsiri.

Sindano zilipoingia, nyanya hakupepesa jicho. Tulingoja kidogo, kisha daktari akakibana kidole kwa koleo.

"Mama, unasikia uchungu?"

"Hapana."

Akachukua kisu. Nilikuwa nimesimama upande wa miguu, nikaona vidole vya miguu ya nyanya vimejikunja kama vinang'ang'ania tope.

"Daktari, ngoja. Anasikia."

"Nani amekuuliza wewe?" nyanya akanifokea kwa Kiluo.

Nikamweleza daktari. Nyanya alikuwa wa rika lililong'olewa meno sita ya chini, kama ilivyokuwa desturi yetu, na aliyelia siku hiyo alichekwa mpaka akaolewa. Kwake huu ulikuwa mtihani uleule, naye hakuwa tayari kuufeli uzeeni.

Daktari akaweka kisu chini. "Mwambie hapa hatung'oi meno. Nikikata sasa atashtuka, nami nitakata mshipa unaokunja kidole. Hatashika kisu cha samaki tena."

Nikatafsiri. Nyanya akavinyoosha vidole vya miguu.

"Basi inauma," akasema. "Inauma sana."

Akaongezewa dawa, tukangoja tena. Safari hii alipobanwa alicheka. "Hiki kidole ni cha nani?"

Daktari alipopasua, nyanya aliinua shingo achungulie. "Mwambie asikate kama mtu anayeogopa. Mbuta akikatwa hivyo hauziki."

Usaha ukatoka, kisha mwiba, mrefu kuliko tulivyodhani.

Jioni ganzi ikaisha. Wanawake wenzake wa sokoni walipokuja kumpa pole, nilidhani atajikaza. Badala yake alimwambia kila aliyeingia, "Kinauma, mama, kinauma kweli," huku akijaribu kukikunja ndani ya bandeji. Kikakunjika kidogo, akawaonyesha tena.