Baada ya Mbuzi wa Lopur

Baba alipojiua tulikuwa tunaishi Lopur. Wazee walichinja mbuzi, wakatupaka vifuani majani yaliyotoka tumboni mwake ili kututakasa, kisha tukahama. Shangazi akasema jambo limeisha, lisitajwe tena. Halikutajwa. Kimya kile kilitulea mimi na mdogo wangu; kilitulaza, kikatuamsha, na hakikutuuliza kitu.

Tulipokua nilipanga chumba Lodwar, nikawa mwandishi. Yeye aliendesha bodaboda kati ya Kakuma na Kalobeyei, na kunywa chang'aa, pombe kali ya kienyeji. Kwenye simu tuliongea habari za mvua tu, hadi jioni moja aliposema, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, "Dada, nimechoka kuamka."

Asubuhi nilimfuata, nikamleta hospitalini Lodwar.

"Ejok," daktari alimsalimia. Alikuwa mama mgeni huku, na salamu hiyo ya Kiturkana ilimtoka imepinda.

"Hiyo ejok umeitoa wapi, daktari?" mdogo wangu akauliza.

"Nimeazima. Nikiivunja utaniambia."

Mdogo wangu alicheka kidogo. Kisha daktari akauliza habari za chang'aa, na kama kuna mtu wa familia yetu aliyewahi kujiua. Mdogo wangu akainama. Nilitazama mlangoni, kana kwamba shangazi amesimama pale.

"Baba," nikasema. "Na babu, baba yake."

Mdogo wangu akanigeukia. "Babu? Si aliuawa na kiu malishoni?"

"Ndivyo tulivyoambiwa. Shangazi alininong'oneza ukweli mwaka huu."

Daktari hakuharakisha. Alisema mtu anaweza kurithi wepesi wa kuzama katika huzuni, na wepesi wa kunaswa na pombe. Mara nyingi viwili hivyo hutembea pamoja, na pombe humsukuma aliyekwisha kuelemewa. "Lakini kifo chenyewe hakirithiwi. Pombe tunaweza kuitibu, na huzuni pia. Ila pombe usiiache ghafla ukiwa peke yako, utaumia. Lala hapa tukuangalie."

Mdogo wangu alisugua magoti.

"Kumbe si mimi tu," akasema. "Nilidhani nimeharibika peke yangu."

Akakubali kulazwa. Wodini nilivuta kiti karibu na kitanda chake. Nje upepo ulikuwa unasukuma mchanga ukutani.

"Haya, niambie," akasema. "Babu alikuwa mtu wa namna gani? Alipenda nini?"

Sikujua lolote juu yake isipokuwa jinsi alivyokufa.

"Tutamuuliza shangazi," nikasema. "Sote wawili."