Maji Chini ya Alama

Shangazi yangu hulima mpunga bondeni, Ngorongo. Mpunga ukianza kuiva huhamia dunguni, kibanda cha juu ya nguzo, awinge ndege na kufukuza nguruwe. Kwenye nguzo moja pana mkato aliouchonga marehemu mama yake. Maji yakifika hapo, unakunja mkeka unaondoka. Yakiwa chini, unaendelea na kazi. Lakini magoti ya shangazi yamechoka ngazi, na mimi nilitaka akae juu kwa amani bila kushuka kuchungulia.

Riziki yangu ni kompyuta, chumbani kwangu Kibiti. Nikaamua kumtengenezea kifaa cha kupima maji na kutupigia simu sote wawili. Prosesa niliyoipata, yaani ubongo wa kifaa, ilikuwa ya aina mpya, haili umeme mwingi, ila maktaba ya C, lugha ninayoandikia programu, ilikuwa haijawahi kufanya kazi juu yake. Maktaba hiyo ni mkusanyiko wa kazi ndogondogo ambazo programu huziazima: kulinganisha namba, kunakili maneno, kuomba nafasi ya kumbukumbu. Bila hiyo nilikuwa mpishi asiye na chungu. Miezi kadhaa nikaihamisha faili kwa faili, kutoka prosesa ya laptop yangu kwenda ile mpya. Ilipokubali, niliringa, nisiseme uongo.

Sifuri niliiweka palepale penye mkato wa bibi. Juu yake chanya, chini yake hasi. Wapimaji wengine huanzia chini kabisa, na kwao maji hayawi hasi hata siku moja. Sisi tumelelewa na ule mkato.

Kumbe faili moja niliinakili bila kuigusa. Ilisema kwamba ile aina ya namba inayochukua nafasi ndogo kuliko zote inaweza kuwa hasi. Kwenye laptop ni kweli. Kwenye prosesa mpya, hasi hugeuka namba kubwa: hasi arobaini husomeka mia mbili kumi na sita. Kifaa chenyewe nilikijaribu kwenye pipa, na pipa nililijaza mpaka juu ya alama kabla ya kukiwasha, kwa pupa ya kusikia simu ikilia.

Kifaa kilifungwa nguzoni wakati wa ukavu, kikanyamaza. Asubuhi moja, mpunga ukiwa umeiva na shangazi yuko dunguni, mto ukasukuma maji kidogo shambani, yakagusa ncha yake, sentimita arobaini chini ya mkato. Simu zetu zikalia: maji yamepita alama kwa zaidi ya mita mbili. Nikampigia.

"Mbona hapa yananifika kifundoni tu?" akasema.

"Shangazi, yanakuja. Ondoka sasa hivi."

"Haya, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Akaenda kwa binti yake anayeishi Bungu. Siku nne nilingoja mafuriko, nikikodolea macho ile namba, mpaka nilipopata akili ya kuilinganisha na maneno yake. Yeye alikuwa amesimama ndani ya maji yenyewe, nami nikaamini namba ya chumbani. Kosa nililirekebisha kwa mstari mmoja. Nilikaa nikilia kwa hasira, maana mstari wenyewe ulikuwa mfupi mno.

Tuliporudi shambani, ndege na nguruwe walikuwa wamemaliza. Mabua yamelala, masuke matupu. Shangazi alizunguka shamba zima. Jirani akauliza kulikoni hata akaacha mpunga umeiva.

"Mguu ulinishika," akajibu. "Nilishindwa hata kusimama."

Hakunitazama. Nilitamani anitukane mbele ya watu, ningepumua.

Baadaye nilimweleza kwamba kifaa kimepona. Akasema alhamdulillahi, akanishukuru, akakiacha nguzoni. Ila siku hiyohiyo nilimwona akishuka ngazi, mkono gotini, kwenda kuutazama mkato.

Mwezi uliofuata nilimtembelea nyumbani kwake. Alipika wali wa mchele wa dukani, wa kwanza kuingia nyumba ile tangu nipate akili. Akanipakulia mimi kwanza, sahani ikajaa, na yeye akala ukoko.