Shimo Lililonyamaza

Kwa miaka sita Ezra Gittens, Mbarbados, alibeba baruti kichwani kwenye machimbo ya Mfereji wa Panama. Tangu baruti iliyosahaulika shimoni bila kulipuka imuue kaka yake, kila mlipuko aliuhesabu kwa vidole.

Siku hiyo walijaza baruti mashimo ishirini na mawili. Ezra akasikia milipuko ishirini na mmoja.

"Bosi, kuna shimo halijalia!"

"Umelewa wewe! Mashine iingie ichimbe. Meli za dunia nzima zinatusubiri."

Mashine ikaanza kusogea. Ezra akaenda kuketi juu ya shimo pekee lililobaki zima.

"Haya, mimi mlevi. Njoo unitoe mwenyewe!"

Bosi alipiga hatua mbili. Ya tatu hakuipiga.