Sauti ya Kazini

Mpokea simu wa kampuni ya usafirishaji ana sauti mbili, na ile ya kazini huivaa kama mtu anavyovaa miwani. Kabla ya kupokea hukohoa kidogo, hunyoosha mgongo, hutabasamu, ingawa mteja yuko ng'ambo na hamwoni. Humtakia asubuhi njema huku dirishani jua linazama, maana kwa mteja ndiyo kwanza kumekucha. Jina analojitambulisha nalo alipewa na ofisi. Lake, wakubwa walisema, lingewatoa wateja jasho. Chai yake hupoa kila siku, naye huinywa hivyo hivyo.

Juzi simu yake mwenyewe ililia mkobani. Hakutazama ni nani. Alikohoa, akanyoosha mgongo, akatabasamu, akataja jina la ofisini na kuuliza, kwa lugha ya wateja, amsaidie nini.

"Samahani sana," sauti ya mama mtu mzima ikasema kwa adabu. "Nimekosea namba. Nilikuwa namtafuta binti yangu." Simu ikakatika.

Akampigia mbio mbio, tabasamu limemgandia usoni. "Shikamoo, mama. Ni mimi."

"Marahaba," mama akajibu polepole. "Hebu niamkie tena."