Ubao wa Dashibodi ya Baba

Juzi nilipita karibu na duka la vipuri vya magari katikati ya jiji, nikasikia harufu ya resini. Ilinirudisha nyumbani kwetu Waithaka, alasiri moja mwaka ule Baba alipofariki.

Gari lake lilikuwa limekaa uani, na wajomba walikuwa wakija kuliulizia. Alasiri hiyo nilimwona Mama akifungua na kutoa garini ubao wa dashibodi, uliojaa mikwaruzo ya funguo za Baba. Aliuingiza jikoni, akafunga madirisha. Nilikuwa nimesikia kwamba magari huuzwa vipandevipande, kwa hiyo nikamfuata hadi mlangoni.

"Mum, unauza gari ya Daddy?"

"Nani amekuambia?" aliuliza. "Funga huo mlango, vumbi itashika."

Niliufunga, shaka ikizidi. Nilichungulia kwenye ufa. Alikuwa amejifunga kitambaa puani, akimimina kitu kama asali juu ya ubao, kisha akakipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka viputo vikaisha. Niliamini anafuta alama za Baba ili mnunuzi asizione. Leo najua resini haifuti kitu, hukauka tu juu ya mikwaruzo kama kioo.

Kesho yake ubao ulirudi mahali pake, uking'aa. Mama, ambaye sikuwahi kumwona akiendesha hata baiskeli, aliketi kwenye kiti cha dereva.

"Ingia, funga mkanda," alisema. "Uncle akiuliza tena kama nauza, mwambie nimeenda job nayo."

Gari lilizimika langoni. Akaliwasha tena.